Nyumba Kongwe ya Shamba Wakati wa Machipuko: Mwongozo kwa Familia za New England

Nyumba kongwe ya shamba inayozungumziwa katika mwongozo huu ni nyumba ya mbao iliyojengwa katika karne ya 19 au miaka michache baada yake, juu ya msingi wa mawe yaliyookotwa shambani, katika eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani liitwalo New England, yaani majimbo ya Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts, Rhode Island na Connecticut. Familia zinazosema Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo na Burundi, huanza maisha katika miji kama Portland, Lewiston, Manchester na Burlington, na baadhi yake huelekea vijijini kutafuta nafasi na ardhi ya kulima. Familia hizo huonywa mapema kuhusu baridi ya Januari, hupewa makoti na hufundishwa kutembea juu ya barafu. Kuhusu machipuko, yaani majira yanayofuata baridi ambapo theluji huyeyuka na miti huchanua, haziambiwi mengi, ilhali ndiyo majira yanayoidai nyumba kongwe kazi nyingi kuliko yote, kwa sababu hulegeza kwa pamoja maji yaliyoganda nje na vumbi lililotulia ndani.

Kwa kalenda machipuko huanza mnamo Machi 20, lakini mkaaji wa nyumba ya shamba hafuati kalenda, bali hufuata udongo. Wakati wa baridi kali ardhi ya kaskazini mwa New England huweza kuganda hadi kina cha mita moja au zaidi, na jua la Machi linapoanza kuwa na nguvu hulainisha tabaka la juu peke yake, huku tabaka la chini likibaki gumu na lisilopitisha maji. Maji ya theluji hukosa pa kuzama, hukaa juu, na udongo hugeuka kuwa uji mzito. Kipindi hiki, ambacho wenyeji hukiita msimu wa matope na ambacho huendelea kwa wiki kadhaa kati ya Machi na mwanzo wa Mei, huathiri sana maisha ya familia, kwani zaidi ya nusu ya barabara za Vermont hazina lami, na hali ya barabara nyingi za vijijini katika Maine na New Hampshire ni hiyo hiyo. Serikali za miji midogo hubandika matangazo ya kuzuia magari mazito yasipite mpaka barabara zikauke, na kwa hiyo lori la kuni au la mafuta ya kupashia nyumba joto huenda lisifike kabisa katika Aprili. Familia iagize mafuta na kuni kabla ya katikati ya Machi, hata kama tangi limefika nusu, kwa kuwa usiku wa Aprili bado huweza kuwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi na mtoto mchanga hapaswi kulala katika nyumba isiyo na moto. Dereva naye apite barabara ya matope asubuhi mapema, ikiwa bado imeganda, kuliko alasiri ambapo magurudumu huzama katika makorongo yaliyochimbwa na magari mengine. Basi la shule likisitisha kupita katika barabara ndogo, shule hutoa taarifa ya mahali litakaposimama, na mzazi aulizie jambo hilo mapema.

Nyumba nyingi za aina hii, hasa katika Maine na New Hampshire, ziliunganishwa na ghala la mifugo kwa mlolongo wa vyumba vidogo, ili mkulima aweze kwenda kukamua ng'ombe bila kutoka kwenye theluji. Mojawapo ya vyumba hivyo leo hutumika kama chumba cha kuvulia viatu, na katika msimu wa matope ndicho chumba chenye kazi kubwa kuliko sebule. Desturi ya kuvua viatu mlangoni, ambayo wasomaji wengi wamelelewa nayo, ina faida hapa zaidi ya usafi wa zulia, kwa sababu udongo unaozunguka nyumba kongwe huweza kuwa na sumu inayoelezwa hapa chini. Kila mwanafamilia awe na jozi moja ya buti za mpira zisizovuka chumba hicho, pawe na sinia pana la kutegea matope, na ndoo ya maji yenye kitambaa cha kupangusia mikono ya watoto kabla hawajaingia jikoni.

Chini ya nyumba kuna chumba cha chini ya ardhi, na huko ndiko ukaguzi unapopaswa kuanzia, kabla ya mtu kufikiria bustani au madirisha. Kuta za mawe yaliyopangwa, ambazo mara nyingi hazina saruji ya kutosha kati yake, hazikujengwa ili kuzuia maji yasiingie, bali ziliyaacha yapite na kutoka, nao wakazi wa kwanza walihifadhi humo viazi na matofaa, si mashine ya kupashia joto wala sanduku la umeme. Familia ya leo imeweka vyote hivyo chini, na theluji inapoyeyuka maji hupenya kati ya mawe kwa kiasi ambacho humshtua mgeni. Nyumba nyingi zina shimo dogo lililochimbwa mahali pa chini kabisa pa sakafu, lenye pampu ya umeme inayowashwa na boya maji yanapopanda. Pampu hiyo ipimwe mapema katika Machi kwa kumimina ndoo ya maji shimoni na kungoja iwake, na bomba lake la nje lifuatwe hadi mwisho ili kuhakikisha kwamba halijaziba kwa barafu na kwamba humwaga maji mbali na msingi, kwani pampu inayomwaga maji kando ya ukuta huyarudisha ndani. Mifereji ya paa nayo isafishwe majani na irefushwe kwa kipande cha bomba. Hatua hii rahisi hupunguza maji ya chini kuliko dawa nyingi za kupaka ukutani zinazouzwa madukani.

Maji yakishajaa chini, mambo mawili yazingatiwe bila kubishana. La kwanza ni kwamba mtu asikanyage maji hayo kabla umeme wa chumba hicho haujazimwa, na kama sanduku la umeme lenyewe limo ndani ya maji, kampuni ya umeme ndiyo iitwe kukata. Tahadhari hii ina uzito zaidi katika nyumba ambazo bado zina waya za kale zilizopitishwa juu ya vishikizo vya kauri, mtindo uliotumika tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1940 na usio na waya wa ethi. La pili linawashangaza wengi: maji mengi yasitolewe yote kwa mkupuo. Udongo wa nje uliolowa husukuma kuta kuelekea ndani, na maji yaliyomo huzikinza. Yakiondolewa ghafla, ukuta wa mawe huweza kuanguka. Ushauri wa wataalamu wa mafuriko ni kupunguza takribani theluthi moja kwa siku, huku kiwango kikitazamwa kwa alama iliyochorwa ukutani.

Maji ya kunywa hutoka kisimani, na sheria ya mwaka 1974 ya usalama wa maji ya kunywa nchini Marekani haivihusu visima vya nyumba binafsi, kwa maana hiyo hakuna ofisi itakayokuja kuyapima isipokuwa familia yenyewe ipeleke sampuli maabara. Kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono na kujengewa mawe, ambacho bado kipo katika mashamba mengi ya kale, huingiwa kwa urahisi na maji ya juu ya ardhi wakati wa kuyeyuka kwa theluji, na maji hayo hubeba vijidudu vya kinyesi cha mifugo. Machipuko basi ni wakati mwafaka wa kipimo cha kila mwaka cha bakteria aina ya koliformu, ambao uwepo wao huashiria uchafu, pamoja na nitrati, chumvi itokayo kwenye samadi na mbolea ambayo ni hatari kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kisima kirefu kilichotobolewa kwenye mwamba huepuka sehemu kubwa ya uchafu huo, lakini mwamba wa Maine na New Hampshire una aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo kiwango chake cha juu katika maji ya umma kwa sheria ya taifa ni mikrogramu 10 kwa lita. Jambo moja lisisitizwe kwa wasomaji waliozoea kuyaona maji yaliyochemshwa kuwa ndiyo salama: kuchemsha huua bakteria, lakini hakuondoi aseniki wala nitrati, bali huzidisha mkusanyiko wake kadiri mvuke unavyopotea. Maji yenye aseniki yanahitaji chujio maalumu au chanzo kingine.

Maji yanayotoka nyumbani huingia katika tangi lililozikwa uani na kusambazwa katika udongo kwa mabomba yenye matundu. Udongo huo ukiwa umelowa haumezi haraka, na kwa hiyo nguo za familia kubwa zifuliwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa badala ya zote Jumamosi, na gari lisipite wala kuegeshwa juu ya eneo hilo.

Kabla madirisha hayajafunguliwa kwa furaha ya siku ya kwanza yenye joto, kipo kipimo kimoja kinachohitaji nyumba iliyofungwa. Radoni ni gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, hasa penye miamba ya matale, na hujikusanya katika vyumba vya chini. Nchini Marekani ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Kifaa cha kuipima huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, huachwa mahali kwa siku mbili au zaidi huku madirisha yakiwa yamefungwa kuanzia muda wa saa 12 kabla yake, kisha hutumwa maabara, na jibu likifika pikokyuri 4 kwa lita au kuzidi, serikali hushauri nyumba iwekewe bomba na feni ya kuitoa gesi nje. Jumapili ya pili ya Machi, saa za nchi zinaposogezwa mbele kwa saa moja, ni siku nzuri ya kubadili pia betri za ving'ora vya moshi na vya gesi ya kaboni monoksidi.

Sasa yafuata madirisha, na hapa mwongozo utatulia zaidi, kwa sababu hakuna hatari ya nyumba kongwe inayowagusa watoto kama hii. Kwa miaka mingi rangi za nyumba zilichanganywa na risasi, madini mazito yanayoifanya rangi idumu na kung'aa, mpaka matumizi hayo yalipopigwa marufuku nchini Marekani mwaka 1978. Nyumba ya shamba ya karne ya 19 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na matabaka kadhaa ya rangi hiyo chini ya ile inayoonekana. Dirisha la kale hufunguliwa kwa kupandishwa juu ndani ya fremu, mbao zikisuguana, na kila linapopandishwa baada ya miezi ya kufungwa husaga rangi kuwa vumbi laini linaloangukia kizingiti na sakafu ambapo mtoto hutambaa. Mtoto halazimiki kumeza kipande cha rangi ili adhurike. Mkono uliogusa kizingiti kisha ukaingia mdomoni unatosha. Risasi hudhuru ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na wataalamu wa afya hawajui kiwango chochote kilicho salama kwa mtoto. Katika Aprili 2000 mtoto wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki mjini Manchester, New Hampshire, kwa sumu ya risasi, wiki chache tu baada ya familia yake kufika na kukaa katika nyumba ya zamani yenye rangi iliyobanduka.

Kifo hicho ni sababu mojawapo ya ushauri wa leo kwamba mtoto mkimbizi apimwe damu anapowasili, na aliye chini ya miaka 6 apimwe tena miezi 3 hadi 6 baada ya kuhamia katika makazi yake, kwa kuwa kipimo cha kwanza huonyesha alikotoka na cha pili huonyesha alipo. Katika Maine, New Hampshire na Vermont sheria inataka kila mtoto apimwe akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2. Tangu mwaka 2021 kiwango kinachotumiwa na mamlaka ya afya ya Marekani kumtambua mtoto anayehitaji kufuatiliwa ni mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Mzazi asiridhike na kuambiwa tu kwamba majibu ni mazuri. Aulize namba yenyewe na aiandike.

Nyumbani kwenyewe, familia ichague madirisha machache yatakayofunguliwa na kuyaacha mengine yafungwe mpaka yatengenezwe. Kizingiti na mfereji wa dirisha vipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kitambaa hicho kitupwe, na kingine kitumike kusuuzia. Ufagio mkavu na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi havifai, kwani huirusha hewani ile sumu iliyokusudiwa kuondolewa. Inayofaa ni mashine yenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana. Kitanda cha mtoto na vichezeo visogezwe mbali na dirisha. Mlo wenye madini ya chuma na kalsiamu, kama vile dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, hupunguza kiasi cha risasi kinachopenya mwilini, ijapokuwa hauchukui nafasi ya usafi.

Kukwangua au kupiga msasa rangi ya kale ni kosa ambalo wapenda kazi wengi hulitenda kwa nia njema kila machipuko. Tangu Aprili 2010 fundi anayelipwa kugusa zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ndani ya chumba, au zaidi ya futi 20 nje, katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, hutakiwa kuwa na cheti cha kazi salama ya risasi, na mwenye nyumba ana haki ya kukiona cheti hicho. Mpangaji naye ana haki yake: kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba ya umri huo, mwenye nyumba hulazimika kumweleza lolote analolijua kuhusu risasi iliyomo na kumpa kijitabu cha maelezo.

Bomba la moshi linahitaji maneno machache. Masizi ya lami yanayoachwa na kuni huwaka, na asidi yake ikichanganyika na unyevu wa kiangazi hula matofali, kwa hiyo ni afadhali lisafishwe Aprili kuliko kungoja Oktoba. Mwezi Mei ndege wahamaji jamii ya teleka huanza kujenga viota ndani ya mabomba hayo, na sheria ya mwaka 1918 ya ndege wahamao inakataza kuvibomoa vikiwa na mayai au makinda.

Machipuko yana neema zake pia. Usiku ukiwa wa barafu na mchana ukiwa na joto kidogo, mti uitwao mepo hutiririsha utomvu mtamu, ambao hukingwa kwa ndoo na kuchemshwa hadi uwe asali nzito, takribani lita 40 zikitoa lita 1. Uchemshwe nje, kwani mvuke wake hubandua karatasi za ukutani. Vifaranga wa siku moja huletwa kwa posta, huduma iliyoanza mwaka 1918, na huwekwa katika bruda yenye joto la nyuzi 35 za Selsiasi wiki ya kwanza. Taa ya joto ifungwe kwa mnyororo, si kwa kamba, maana ghala la mbao kavu huungua kwa dakika chache, na watoto wa chini ya miaka 5 wasiwashike vifaranga kwa sababu ya bakteria wa salmonela.

Bustani isianzwe kando ya ukuta, hata kama hapo ndipo jua linapopiga vizuri, kwa kuwa rangi iliyochakaa imedondokea udongo huo kwa zaidi ya karne. Vitalu viwekwe mbali na majengo, na udongo upelekwe kupimwa risasi na rutuba. Chuo Kikuu cha Maine kina maabara ya kazi hiyo mjini Orono, na kila jimbo lina maofisa ugani wanaotoa ushauri bila malipo, utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1914. Udongo ukifinywa kiganjani ukabaki donge lenye unyevu, haujawa tayari, na kuulima hivyo huufanya matofali. Njegere na vitunguu hupandwa mara udongo unapomeguka, kwa kawaida katika Aprili. Sukuma wiki huvumilia baridi kiasi. Mchicha, nyanya, pilipili na ngogwe hungoja hadi mwisho wa Mei, baridi ya kuunguza mimea inapokwisha. Miche yake huoteshwa ndani wiki 6 hadi 8 kabla, juu ya meza, si juu ya kizingiti chenye rangi ya kale. Mwenye kutilia shaka mazao ya nyumbani katika ardhi hii awatazame wakulima wa jamii ya Wabantu wa Somalia walioko Lewiston na viunga vyake, ambao baadhi yao husema Kizigua cha mababu zao wa Tanga, na ambao hulima mahindi na kuyasaga unga wao wenyewe.

Anayelima na watoto wanaocheza majanini hukutana na usubi mwezi Mei, ambao huuma vikali lakini hapa hawaleti upofu, na hukutana na kupe mwenye miguu myeusi, ambaye ndiye wa kuogopwa. Hueneza ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme, Connecticut, na unaosababishwa na bakteria aliyetambuliwa na Willy Burgdorfer mwaka 1982. Kupe mchanga wa Mei hadi Julai ana ukubwa wa mbegu ya mchicha, na kwa kawaida huhitaji saa 24 au zaidi akiwa amejishikiza ndipo aambukize, kwa hiyo ukaguzi wa kila jioni, kwapani, nyuma ya masikio, nyuma ya magoti na ndani ya nywele zilizosukwa, ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Kupe ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja, bila mafuta wala moto. Nguo za shambani ziingizwe katika mashine ya kukaushia kwa moto mkali dakika 10 kabla ya kufuliwa.

Vitabu vingi huonyesha ugonjwa huu kwa picha ya duara jekundu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi duara hilo huweza kuonekana kama kivuli cha kahawia au zambarau, au lisionekane kabisa, na kwa sababu hiyo wagonjwa weusi huchelewa kutambuliwa. Mzazi ambaye mtoto wake ana homa, uchovu au maumivu ya viungo katika miezi hii amweleze daktari wazi kwamba familia inaishi shambani penye kupe, na aulize kuhusu Lyme hata kama daktari hajaitaja, kwa kuwa ugonjwa huo ukianza kutibiwa mapema hupona kwa dawa za kawaida za viuavijasumu.